Nuru Haba

Mpiga picha ni mtu wa kupewa. Mchoraji ana rangi zake, mfinyanzi ana udongo wake, bali mwenye kamera hana kitu ila nuru anayojaliwa na jua au na taa, na ikiwa haba hana budi kuitumia kwa hesabu. Ipo njia moja ambayo mafundi wa picha wameitumia kwa miaka mingi wanapopatwa na uhaba huo ndani ya nyumba. Wao huiita kusukuma filamu. Nataka kukueleza, msomaji, njia hiyo ni nini, inatoa nini na inachukua nini, kwa sababu wako wanaoisifu kupita haki yake na wako wanaoikataa bila kuijua. Tena mimi mwenyewe niliitumia Kitui, nyumbani kwa nyanya yangu, kwa kazi ambayo isingeweza kurudiwa.

Yeyote aliyelelewa Ukambani anakijua kiza cha mchana. Katika Kitui na Makueni, kaunti mbili ambazo Mto Athi umepita baina yao, jua la Februari na la Septemba ni kali, na wajenzi wa zamani walijenga kwa kulikimbia. Madirisha waliyafanya madogo, mengine ya kupitisha mkono tu; na juu ya mafiga moshi wa miaka mingi uliipaka paa masizi yanayomeza nuru yote inayoyafikia. Mtu akitoka uani saa sita za mchana akaingia jikoni, huwa kama kipofu kwa dakika kadhaa, kisha polepole huanza kuona kibuyu, kinu, kigoda, na mwisho uso wa aliyemkaribisha. Jicho lake limejizoeza. Filamu haina uwezo huo. Wepesi wake wa kupokea nuru huwekwa kiwandani, ukaandikwa juu ya kasha kwa tarakimu: 100, 200, 400, 800. Kila tarakimu inapoongezeka maradufu, filamu huhitaji nusu ya nuru iliyohitajiwa na ile iliyoitangulia. Kuongeza au kupunguza nuru namna hiyo, kwa maradufu au kwa nusu, ndiyo hatua moja katika hesabu ya wapiga picha, nami nitaitaja tena na tena.

Nyanya yangu, ambaye kwa Kikamba tulimwita Susu, aliishi karibu na Mto Tiva. Mwaka 2016 alikuwa hawezi tena kutoka nje pasipo kubebwa, na hakupenda kubebwa mbele ya watu. Katika maisha yake yote alikuwa na picha moja, ile ya kitambulisho, ambamo ametazama mbele kama mtu aliyeshtakiwa. Shangazi yangu, binti yake aliyeolewa ng'ambo ya Athi, huko Nzaui katika Makueni, alinituma nimpige mama yake picha akiwa mahali pake, juu ya kitanda chake, ndani ya chumba chake. Flashi ilikatazwa. Macho ya Susu yalikuwa na mtoto wa jicho, na mwale wa ghafula ulimwumiza; tena shangazi alisema, nami nilikubaliana naye, kwamba flashi humfanya kila mzee aonekane kama mwizi aliyemulikwa tochi. Sharti likawa nuru ya chumba, basi.

Nilikuwa na filamu mbili za Kodak Portra za 400. Lenzi yangu ilifunguka hadi kipimo cha 2, ambao ni upana mkubwa. Chumba cha Susu kilikuwa na dirisha moja, na kwa nuru yake kipima mwanga kilinitaka niiache kamera wazi kwa sehemu ya 30 ya sekunde. Jioni, kwa nuru ya kandili, kilinitaka sehemu ya 8 ya sekunde. Muda huo ni mfupi kwa saa, lakini ni mrefu kwa mkono wa binadamu. Mkono ningeweza kuutuliza kwa kuiweka kamera juu ya miguu mitatu; shingo ya Susu nisingeweza kuituliza, kwani kichwa chake kilikuwa kikitikisika kwa uzee. Na kumwambia mzee akaze shingo, asipumue, asiseme, ni kuirudia ile picha ya kitambulisho.

Hapo ndipo kusukuma filamu kunapokuja. Mpiga picha huifanya kamera yake isadiki kwamba filamu ya 400 ni ya 800. Kamera nayo huipa filamu nusu ya nuru iliyostahili kupewa, hivyo muda hupungua: sehemu ya 30 ya sekunde ikawa sehemu ya 60. Akiisadikisha kwamba ni ya 1600, filamu hupata robo, na ile sehemu ya 8 ikawa sehemu ya 30. Deni hilo la nuru hulipwa baadaye, wakati wa kusafisha, kwa kuiacha filamu ndani ya dawa kwa muda mrefu kuliko desturi. Maneno ni hayo tu, na ukiyasikia hivyo utadhani deni limelipwa lote. Halilipwi lote, na sababu yake ni vema kuijua.

Filamu ya rangi ina matabaka makubwa matatu, moja juu ya jingine. La juu hupokea nuru ya samawati, la kati nuru ya kijani, la chini nuru nyekundu. Ndani ya kila tabaka mna fuwele ndogo za chumvi ya fedha. Nuru inapoigusa fuwele huiachia alama ya chembe chache mno za fedha, alama ambayo hakuna jicho linaloweza kuiona. Dawa ya kusafishia ndiyo inayoikuza: huigeuza fuwele nzima kuwa fedha, na katika kugeuka huko rangi huzaliwa kando yake. Kisha dawa nyingine huiondoa fedha yote, zikabaki rangi peke yake. Kodak walileta utaratibu huu mwaka 1972 kwa jina la C-41, na hadi leo ndio unaotumika duniani kwa negativu za rangi. Filamu hukaa katika dawa ya kwanza dakika 3 na sekunde 15, kwa joto la digrii 37.8. Anayesukuma hatua moja huiacha karibu dakika 3 na sekunde 45. Anayesukuma hatua mbili hufika dakika 4 na robo au zaidi, kwa kadiri ya maelekezo ya mtengenezaji wa dawa aliyo nayo.

Sasa fikiri, msomaji, nini hutendeka katika nusu dakika hiyo ya ziada. Fuwele iliyopata nuru nyingi hukua upesi na kushiba. Iliyopata kidogo husaidika kwa kiasi. Isiyopata kitu haina alama ya kukuzwa, na dawa ikikaa nayo mno huanza kuigeuza bila sababu, ukatokea ukungu mahali palipokuwa safi. Ni sawa na mkulima anayemwagilia maji shamba ambalo nusu yake haikupandwa. Mahindi yaliyoota yatanenepa, na ile nusu nyingine itamzalia magugu. Kwa hiyo kusukuma huinua zaidi palipo na nuru kuliko palipo na kiza, na tofauti baina ya mawili hayo huzidi. Chembe za picha huonekana kubwa zaidi, na kwa kuwa matabaka matatu hayaendi kwa mwendo mmoja, rangi nazo huanza kupotoka. Afadhali mtu ajue hayo kabla ya kugusa kamera, maana negativu ya rangi huvumilia kupewa nuru kupita kiasi kuliko kunyimwa, na kusukuma huanza kwa kunyima.

Bahati yetu ilikuwa Julai. Wageni hudhani Ukambani ni jua mwaka mzima; hawajui asubuhi za Julai, wakati mawingu yanaposhuka hadi vilimani na wazee hujifunika mablanketi hata saa nne. Nuru ya siku hizo ni laini, haina kivuli kikali, na huingia dirishani kama imechujwa kwa kitambaa. Nuru ya namna hiyo ina upungufu mmoja, kwamba vitu vyote hufanana na picha hulala bila uhai. Basi kule kusukuma hatua moja, ambako kasoro yake ni kuzidisha tofauti, kuliongeza kile kile ambacho mawingu yalikuwa yameondoa. Ndiyo maana filamu ile ya kwanza ilikuwa njema. Nakusihi ulitie hili akilini kama utapata kushika kamera ya filamu: hatua moja ya kusukuma hufaa zaidi katika nuru haba iliyo laini. Katika nuru haba iliyo kali hudhuru.

Hiyo iliyo kali niliikuta mwaka uliofuata ng'ambo ya Athi, kwa shangazi huyo huyo, siku ya ntheo ya binti yake, ile siku ambayo upande wa mwanamume huleta mbuzi na ndoa huhesabiwa imefungwa kwa desturi ya Kikamba. Wazee walikuwa wameketi sebuleni, chumba cha matofali chenye kiza, na mlango ulikuwa wazi mkabala wa uwanja unaometameta kwa jua. Kijana mmoja wa jamaa alinihimiza nisukume filamu kwa sababu ndani hakuonekani vizuri. Nilikataa. Baina ya uwanja ule na nyuso zile kulikuwa na tofauti kubwa tayari, na kusukuma kungeufanya mlango uwe tundu jeupe na wazee wawe vivuli. Nikaomba mlango ufungwe. Mzee mmoja akasema waliokuwa nje watadhani mbuzi wamepungua, wote wakacheka, na mlango haukufungwa. Basi nikawaomba wazee wageuze viti, wauelekee mlango, nami nikasimama nikiupa mgongo. Mlango ukawa dirisha kubwa, na filamu ya 400 ikatumika kama 400. Katika nyumba zetu mara nyingi kugeuza kiti ni dawa bora kuliko dakika ya ziada katika dawa.

Turudi Kitui, jioni ya siku ile ya Julai. Jirani alikuja kumjulia Susu hali, kandili ikawashwa, na mazungumzo yakaanza. Susu alisimulia habari za njaa alizozijua, kila moja kwa jina lake, kama ilivyo desturi ya Wakamba kuzipa njaa majina, na mikono yake ikawa inakwenda na maneno. Hapo ndipo nilipotaka ile sehemu ya 30 ya sekunde, nami nikaiazima kwa kusukuma hatua mbili. Mikono niliipata. Rangi ndizo zilizokuwa shida. Nuru ya mafuta ya taa ina wekundu na umanjano tele, na samawati yake ni kidogo sana, ilhali filamu hizi zimetengenezwa kwa nuru ya jua. Tabaka la samawati likakaa na njaa, na njaa ya tabaka hailishwi kwa dakika za dawa. Nilipojaribu kuupunguza umanjano wakati wa kuchapa, vivuli viligeuka rangi ya matope. Kiko kioo cha samawati cha kuweka mbele ya lenzi ili kuisahihisha nuru ya taa. Lakini kioo hicho chenyewe humeza kiasi cha hatua mbili za nuru, yaani zile zile mbili nilizozihangaikia. Nikaziacha picha na umanjano wake. Kati ya picha 36 nilichapa mbili tu.

Kuna jambo jingine ambalo mpiga picha wa Kiafrika hana haki ya kulipuuza, nalo ni ngozi. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kinachokitazama ni cha kijivu cha wastani, na dirisha likiingia ndani ya kipimo, kamera hupunguza nuru ya picha nzima, na uso mweusi ndio hulipa gharama. Tena filamu za zamani hazikutengenezwa kwa kutufikiria sisi. Kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, alichapa mwaka 2009 makala juu ya habari hiyo, na humo alieleza kwamba miongoni mwa walioisukuma Kodak kuboresha rangi za giza walikuwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao bidhaa zao hazikutokea vizuri pichani. Mbao na peremende zilisikilizwa. Sijui kama inafaa kucheka. Filamu za leo ni bora mno kuliko zile, lakini anayesukuma huurudisha kwa mkono wake sehemu ya udhaifu ule wa kale, kwa kuwa kinachopotea kwanza ni kilicho katika kivuli, na katika uso mweusi uliokaa kando ya dirisha, nusu ya mambo ya maana imo kivulini: mfereji chini ya jicho, pembe ya mdomo, chale. Kwa hiyo nilikisogeza kipima mwanga hadi karibu na shavu la Susu lililokuwa mbali na dirisha, nikapima hapo, na kipimo hicho ndicho nilichokitii. Dirisha lenyewe niliacha lichomeke. Hakuna aliyenituma kupiga picha dirisha.

Filamu zote mbili nilizisafisha mwenyewe. Katika miaka ambayo kila mji wenye soko kubwa ulikuwa na mashine ya picha za rangi, niliwahi kuomba katika studio moja nisukumiwe filamu, nikajibiwa kwamba mashine haijui kungoja. Lilikuwa jibu la kweli kwa namna yake, kwani filamu za wateja wote zilipita katika mashine moja kwa mwendo mmoja. Nawe ukumbuke kwamba kusukuma hakuchagui picha moja: filamu nzima huingia dawani pamoja na kutoka pamoja, na ndiyo maana nilitenga moja ya dirisha na moja ya kandili. Mashine nyingi za namna hiyo zimekwisha kuzimwa, na anayetaka kazi hii sasa hana budi kujifunza kununua dawa na kuitia mikono.

Mikono yangu ilihitaji maji, na Julai katika bonde la Tiva maji yako chini ya mchanga. Watu huchimba mchanga wa mto wakayateka, na mahali pengi katika Kitui na Makueni wanakijiji wamejenga kuta za mawe na saruji kuukatiza mto wa msimu, mchanga ukajaa nyuma ya ukuta na kuyahifadhi maji yasinyonywe na jua. Ni maji matamu, lakini hubeba punje, na punje moja juu ya filamu iliyolowa hukwaruza uso wa mtu kuanzia sikio hadi sikio. Niliyachuja kwa kitambaa mara tatu, nikayachemsha, nikayaacha yatulie. Joto nalo lilitaka uangalifu. Digrii 37.8 ni joto la mtu mwenye homa ndogo, na mama mzoefu aweza kuligusa maji akakwambia yanamfaa mtoto. Filamu haitoshelezwi na hilo. Nilizamisha chupa za dawa ndani ya karai la maji ya moto na kuitazama pimajoto bila kupepesa, maana katika kusukuma hata tofauti ndogo huonekana katika rangi. Dawa iliyokwisha kazi nilirudi nayo Nairobi ndani ya jerikeni. Ina fedha iliyotoka katika filamu pamoja na mengine yasiyofaa tumboni, na mchanga ule watu hunywa kutoka kwake.

Utaniuliza kwa nini taabu yote hii, na simu iko mfukoni. Swali ni la haki. Simu ya leo hupiga picha kadhaa kwa mfululizo mwepesi, ikaziunganisha, ikainua kiza hadi kila kitu kionekane, nami sina dharau nayo. Ila mara nyingi huinua kupita ukweli, chumba cha kandili kikang'aa kama ukumbi wa benki. Filamu iliyosukumwa hukosea upande wa pili: hukiacha kiza kiwe kiza, na hata hukiongeza. Kati ya makosa hayo mawili kila mtu achague kwa kadiri ya kazi aliyo nayo.

Jamaa zangu walipata kuchagua. Susu alifariki mwaka 2019, na kwa kijitabu cha mazishi walitaka picha ya simu, iliyopigwa na mjukuu mwingine siku Susu alipobebwa kwenda kliniki, kwa kuwa humo uso wake wote ni wazi. Niliona wamefanya vema. Kijitabu hutazamwa na mamia ya watu chini ya turubai, kwa haraka. Ile ya dirishani iko Nzaui kwa shangazi. Ukiikaribia utaziona chembe zake, na ile kona ya chumba palipokuwa na mtungi wa maji haionekani kabisa, lakini kichwa kimetulia na macho yamemwelekea mtu aliyekuwa akisema naye. Shangazi ameitundika kwenye ukuta usiofikiwa na jua, kwa sababu nilimweleza kwamba rangi hizi huchujuka.